Madoido au Hadithi? Mwongozo Kamili wa Kupima Filamu Kubwa

Toka jumba la sinema nyuma ya marafiki wawili, utege sikio. Mmoja anasema picha imetisha, hasa pale daraja lilipokatika. Mwenzake anasema hakuna kitu mle, ni milipuko tu. Watavutana hivyo mpaka barabarani, na kwa kweli hawatakuwa wamebishana, maana kila mmoja kabeba mizani yake na anapima mzigo wake.

Mwongozo huu ni wa kuwapa hao wawili mizani moja. Nimeuandika kwa ajili ya mtu anayetaka kusema jambo la maana kuhusu filamu kubwa: zile za bajeti nene, zenye majitu, vyombo vya angani, miji inayobomoka na mashujaa wanaoruka. Nitafichua miisho ya filamu kadhaa. Kama hupendi kuharibiwa utamu, umeonywa.

Neno "madoido" nitalitumia kwa vyote vilivyowekwa ili kujaza macho na masikio: efekti za kompyuta, mapambano, mandhari, mavazi, ngurumo. Liko pana kidogo, lakini linatosha.

Kabla ya hatua zote: fani na maudhui

Aliyesoma fasihi ya Kiswahili ana zana hii tangu darasani, ila huiacha mlangoni akiingia kutazama sinema. Maudhui ni kinachosemwa, fani ni namna kinavyosemwa. Sasa kumbuka: kwenye vitabu vyetu vingi vya uhakiki, wahusika wamewekwa upande gani? Upande wa fani. Wako benchi moja na mandhari, mtindo na muundo. Kwa miaka mingi niliona hilo ni jambo la kukariri kwa ajili ya mtihani tu. Nilipoanza kuandika kuhusu filamu ndipo nikaona faida yake. Tunaposema "madoido dhidi ya wahusika" tunawagombanisha ndugu wawili waliotumwa kazi moja. Mlipuko ni chombo, na mhusika ni chombo. Cha kuuliza ni kila chombo kimebeba nini.

Aristotle, alipotaja sehemu sita za tanzia, aliutanguliza msuko, yaani mpangilio wa matukio, na kuuita roho ya tanzia. Kinachoonekana jukwaani kilikuwa cha mwisho. Alikiri kwamba kinavuta nafsi, lakini alikiona kuwa mbali zaidi na sanaa ya mtunzi. Namheshimu, ila yeye alizungumzia jukwaa. Sinema ilizaliwa ikiuza macho. Mwaka 1902 Georges Méliès aliwaonyesha watu chombo kikichomeka kwenye jicho la mwezi, na waliolipa kiingilio hawakuja kusikiliza majibizano. Kwa hiyo anayesema madoido si sinema halisi anaukana ukoo mzima.

Msimamo wangu, ili ujue nakupeleka wapi: madoido ni mazuri pale yanapomlazimisha mtu kuchagua. Mengine yote hapa chini ni namna ya kulichunguza hilo.

Hatua ya 1: Tengeneza mahali pa kutazamia

Huwezi kuhukumu madoido uliyoyaona kwenye simu iliyopasuka kioo, mchana wa jua kali. Hadithi utaipata, madoido hutayapata, na bila kujua utaandika kwamba filamu ina hadithi nzuri lakini "picha za kawaida". Kama ulitazama kwa simu, sema hivyo kwenye uhakiki wako. Si aibu.

Kama ni runinga, ingia kwenye mipangilio na uzime kile kipengele cha kulainisha mwendo. Filamu nyingi hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, na runinga yenye kipengele hicho hubuni picha za katikati ili mwendo uteleze. Matokeo yake filamu ya mamilioni inafanana na kipindi cha studio, na mwigizaji anaonekana kama kasimama mbele ya pazia. Mwaka 2012 filamu ya kwanza ya The Hobbit ilipoonyeshwa kwa picha 48 kwa sekunde katika baadhi ya kumbi, watazamaji wengi walilalamikia jambo hilohilo: mavazi na mapambo yalianza kuonekana kuwa mavazi na mapambo. Sauti nayo isimamie vizuri, kwa sababu nusu ya uzito wa jitu huingia kwa sikio.

Hatua ya 2: Tambua ahadi

Kila filamu hutoa ahadi katika dakika kumi au kumi na tano za mwanzo. Nyingine inasema: nitakutisha. Nyingine: nitakuchekesha huku vitu vikivunjika. Nyingine: nitakuonyesha ulimwengu ambao hujawahi kuuona, na utanisamehe nikienda polepole. Iandike ahadi hiyo kwa sentensi moja, kwa maneno yako, na usitumie trela. Trela hutengenezwa kwa ajili ya kuuza, na mara nyingi huahidi kitu ambacho filamu yenyewe haikuwahi kukusudia.

Ukishaijua ahadi hutamdai mvuvi maziwa. Filamu ya mijitu miwili inayopigana haikuahidi uchunguzi wa ndoa. Lakini pia usiwe mpole kupita kiasi. Ikiwa filamu yenyewe imeniwekea baba na binti wasiosemeshana, ikanipotezea dakika ishirini kwenye ugomvi wao, imeahidi. Siwezi kuambiwa mwishoni "ni filamu ya mijitu tu, unataka nini?"

Hatua ya 3: Mara ya kwanza, tazama bila kalamu

Mwili una uhakiki wake. Acha ushike kiti, acha ucheke, acha upige miayo. Kitu kimoja tu ukitunze kichwani: ni wapi ulitazama saa. Mimi huwa naangalia saa katikati ya mapambano makubwa zaidi kuliko wakati wa mazungumzo, na ilinichukua muda kuelewa kwa nini. Mtu akizungumza sijui atasema nini. Mapambano yakipita dakika ya kumi, kwa kawaida najua steringi hafi.

Filamu ikiisha, ndani ya nusu saa andika mambo mawili. Kwanza, picha tatu zilizobaki machoni. Pili, majina ya wahusika unaowakumbuka. Ukikuta umeandika "yule wa upanga" na "yule dada wa kompyuta", usiwalaumu moja kwa moja waandishi wa muswada. Pengine ulikuwa umechoka. Lakini weka alama.

Hatua ya 4: Chagua matukio matatu makubwa, uyatazame tena

Hapa ndipo kazi ilipo. Chagua tukio la kwanza kubwa, la katikati na la kilele. Kwa kila moja uliza maswali manne.

*Je, naijua ramani?* Nani yuko wapi, anaelekea wapi, hatari inatoka upande gani. Pambano lisilo na ramani ni kelele, hata liwe na gharama gani. Mfano wa ujanja ni Titanic ya mwaka 1997. Mapema kabisa, kabla hatujaingia kwenye kumbukumbu za bibi mzee, fundi mmoja anamwonyesha kwenye kompyuta jinsi meli ilivyozama: maji yakaingia hapa, tezi ikanyanyuka, ikakatika katikati. Ni dakika chache na zinapita kama mzaha. Saa mbili baadaye meli inapozama kweli, hakuna anayehitaji kukueleza lolote. Unajua kitakachofuata, na kujua huko ndiko kunakokutesa, maana wahusika hawajui.

Mfano mwingine ni Mad Max: Fury Road ya mwaka 2015. Ina mikato ipatayo 2,700 ndani ya saa mbili (mkato ni pale picha moja inapokatwa na nyingine kuanza), kasi ambayo katika mikono mingine ingekupa kizunguzungu. Mwongozaji George Miller na mpiga picha wake John Seale waliamua kuweka jambo muhimu katikati ya fremu, shoti baada ya shoti, ili jicho lisihangaike kutafuta. Margaret Sixel, aliyehariri saa karibu 480 za picha, alipata Oscar kwa kazi hiyo. Mtu akikwambia filamu fulani haieleweki kwa sababu "ina mikato mingi", mwambie wingi si tatizo. Aangalie jicho lake linapelekwa wapi baada ya kila mkato.

*Nini kimebadilika?* Linganisha hali kabla ya tukio na baada yake. Kama watu walewale wanataka mambo yaleyale, wana siri zilezile na wanaaminiana kwa kiwango kilekile, ila sasa kuna magari machache, basi tukio hilo lingeweza kukatwa. Katika filamu hiyohiyo ya Miller kuna usiku wa matope ambapo Max ana bunduki na risasi chache. Anakosa. Anakosa tena. Imebaki moja. Bila hotuba yoyote anampa Furiosa bunduki, naye anaegemeza mtutu kwenye bega la Max na kupiga. Ni tukio la mapambano, lina taharuki yote unayoitaka, na humo humo watu wawili wasioaminiana wameanza kuaminiana. Ondoa tukio hilo na nusu ya pili ya filamu inakosa msingi.

*Nani amechagua?* Hili ndilo ninalolipa uzito kuliko yote. Katika madoido mabovu mambo huwatukia watu: jengo linaanguka, wanakimbia, jingine linaanguka. Katika madoido mazuri kuna sekunde ambapo mtu angeweza kufanya vingine. Godzilla Minus One ya mwaka 2023 imejengwa kwa swali hilo. Mhusika mkuu ni rubani wa kujitoa mhanga aliyegeuza ndege akisingizia ubovu, na usiku ule ule, jitu lilipotokea, akashindwa kufyatua bunduki. Kila mara jitu linaporudi halileti uharibifu tu, linamletea swali lake: safari hii utafanya nini? Filamu hiyo ilipata Oscar ya efekti mwaka 2024, ikiwa na shoti 610 za efekti zilizofanywa na timu ya watu 35, na mwongozaji Takashi Yamazaki mwenyewe ndiye aliyesimamia efekti. Siamini ni bahati. Mtu anayeandika hadithi na kusimamia jitu kwa kichwa kimoja hawezi kusahau jitu limetumwa kufanya nini.

*Nani anatazama?* Ajabu haina ukubwa mpaka uone uso wa anayeistaajabia. Katika Jurassic Park ya mwaka 1993, kabla ya kuonyeshwa dinosaria wa kwanza wa wazi, tunaonyeshwa mtu akisimama ndani ya gari, akivua miwani, kisha akimgeuza mwenzake kichwa kwa mkono ili naye aone. Sisi ndio wa mwisho kuona. Filamu hiyo ina zaidi ya saa mbili, na dinosaria wako kwenye skrini takriban dakika 15 tu, kati ya hizo zilizotengenezwa kwa kompyuta ni kama 6. Zilizobaki ni dinosaria wa mashine waliotengenezwa na Stan Winston. Lakini muulize yeyote aliyeitazama utotoni, atakwambia dinosaria walikuwepo filamu nzima. Glasi ya maji iliyotikisika kabla jitu halijaonekana iliwahesabia dakika zao.

Baada ya maswali hayo fanya majaribio mawili mafupi. Tazama tukio bila sauti: je, unaelewa nani anataka nini? Kisha lisikilize ukiwa umefumba macho: je, kelele zina mpangilio, kuna kimya mahali, au ni debe tupu linavuma mfululizo? La pili watu hulidharau. Lifanye.

Hatua ya 5: Wape madoido haki yao ya ufundi

Sasa pima madoido kama ufundi, mbali na hadithi. Wahakiki wengi wa mtandaoni huruka hapa, wakidhani kusema "efekti zilikuwa nzuri" kunatosha.

Anza na uzito. Kitu kikubwa hakigeuki upesi, na kinapogusa ardhi kuna vumbi, kuna mtikisiko, kuna kitu kinachopinda. Jitu linalorukaruka kama paka limepoteza ukubwa wake. Kisha mwanga: je, mhusika aliyesimama mbele ya moto ana rangi ya moto usoni? Kisha kamera: je, inafanya mambo ambayo mtu mwenye kamera angeweza kuyafanya? Kamera inayopenya kwenye dirisha, ikazunguka jitu na kurudi ndani ya sikio la mtu inakuambia kimyakimya kwamba hakuna kitu halisi pale. Wakati mwingine hilo ndilo linalotakiwa. Mara nyingi sivyo.

Halafu achana na ile dini ya "hatukutumia kompyuta". Wauzaji wa filamu wamegundua kwamba watazamaji wanapenda kusikia hivyo. Fury Road inasifiwa kila mahali kwa magari halisi na watu halisi waliorushwa kwenye jangwa la Namibia, na sifa hiyo ni haki yake; pamoja na hayo ina shoti zaidi ya 2,000 zilizoguswa na efekti. Kompyuta ilifuta nyaya za usalama, ikaongeza kuta za ngome, ikabadilisha anga. Efekti bora ni ile ambayo hukuiona, na huwezi kukisifu usichokiona, kwa hiyo angalau usiitukane kompyuta kwa jumla.

Wakati mwingine upungufu wa madoido ndio unaoleta madoido. Jaws ya mwaka 1975 ilitengenezewa papa wa mashine, na maji ya chumvi yakawa yanamharibu kila mara. Mwongozaji Steven Spielberg akalazimika kupiga matukio bila papa: muziki wa noti mbili, kamera inayoogelea, na baadaye mapipa ya njano yaliyofungwa kwenye kamba. Pipa likizama, papa amezama. Pipa likiibuka, anakuja. Zaidi ya saa nzima inapita kabla hujamwona vizuri. Na moja ya matukio yanayokumbukwa zaidi halina efekti yoyote: wanaume watatu mezani ndani ya mashua usiku, wakilinganisha makovu, mpaka mmoja anaanza kusimulia meli aliyozama nayo vitani.

Hatua ya 6: Muulize kila mhusika angekataa nini

Kuna kawaida ya kuuliza mhusika "anataka nini". Ni swali zuri lakini jepesi. Katika filamu kubwa kila mtu anataka kuokoa au kuangamiza dunia. Mimi huuliza: mtu huyu angekataa kufanya nini, hata kama kukataa kungemgharimu? Mhusika bapa hana cha kukataa, atafanya lolote muswada utakalomtaka. Mhusika duara ana mpaka, na filamu nzuri humpeleka mpaka pale.

Chukua Black Panther ya mwaka 2018, ambayo ndani yake kuna somo zima la makala hii. Watu wawili walewale, mfalme T'Challa na Killmonger anayemwania kiti, wanapigana mara mbili. Mara ya kwanza ni kwenye maporomoko ya maji. T'Challa ameondolewa nguvu zake, kifua wazi, ndugu na wazee wanatazama kutoka kwenye miamba, kiti cha enzi kiko hatarini, na anashindwa. Unaona nyuso, unaona pumzi zikimwishia. Mara ya pili ni kwenye reli chini ya ardhi. Wote wamevaa mavazi ya kivita yanayofanana, nyuso zimefunikwa kwa muda mwingi, miili ni ya kompyuta na inaruka kana kwamba haina mifupa. Pambano la pili lina mwanga zaidi, kasi zaidi na bila shaka liligharimu zaidi. Nilipolitazama niliangalia saa.

Kisha pambano linaisha, na Killmonger aliyejeruhiwa anapandishwa juu kuliona jua la jioni. Anaambiwa bado anaweza kutibiwa. Anakataa, hataki kuponywa ili afungwe. Ndani ya dakika chache, bila mlipuko hata mmoja, filamu inarudisha kila kitu ilichopoteza kwenye reli. Hiyo ndiyo maana ya swali la kukataa. Na filamu hiyo haikuwa dhaifu kwa macho: Ruth E. Carter alipata Oscar kwa mavazi na Hannah Beachler kwa usanifu wa mandhari, kwa sababu ukiangalia vazi la mtu mle unajua ametoka kabila gani na ana cheo gani. Hapo madoido yanasimulia. Kwenye reli yanajaza muda.

Hatua ya 7: Usichanganye hadithi rahisi na hadithi dhaifu

Kosa hili nimelifanya mwenyewe. Niliwahi kuandika kwamba filamu fulani haina hadithi kwa sababu wahusika wanakwenda mahali kisha wanarudi walikotoka. Msomaji mmoja akanijibu kwamba hata ngano nyingi tulizosimuliwa utotoni ni hivyohivyo, na sikuwa na la kumjibu.

Hadithi rahisi ina msuko unaoweza kuusimulia kwa pumzi moja, lakini kila tukio linasababisha linalofuata. Hadithi dhaifu inaweza kuwa na mizunguko kumi, wasaliti watatu na kisengerenyuma (kurudi nyuma katika wakati), huku kiunganishi kikiwa "halafu". Halafu wakaenda, halafu akatokea, halafu pakalipuka. Jaribu kusimulia filamu ukitumia "kwa hiyo" na "lakini" peke yake. Ukikwama mara moja au mbili si neno. Ukikwama kila baada ya dakika kumi, umepata jibu.

Wala mazungumzo si hadithi. 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968 inakwenda kama dakika 25 kabla mtu hajatamka neno. Filamu inayoeleza kila kitu kwa mdomo, mhusika mmoja akimsimulia mwenzake mambo wanayoyajua wote wawili, haina hadithi zaidi kwa sababu ina maneno zaidi.

Kuhusu matundu ya msuko, yale ya "kwa nini hawakuruka tu kwa ndege": yapite. Yanafurahisha kwenye mabishano lakini mara chache huwa ndiyo yaliyoiua filamu. Ulipoanza kuyahesabu ukiwa bado umekaa kitini, ujue kitu kingine kilikuwa kimeshakufa kabla.

Hatua ya 8: Ziba masikio

Mapato yanakuambia watu wangapi walinunua tiketi, basi. Transformers: Age of Extinction ya mwaka 2014 ilipita dola bilioni 1 huku wahakiki wengi wakiiponda. Tuzo nazo zisome kwa jicho kali. Titanic ilishinda Oscar 11 kati ya 14 ilizopendekezwa, lakini muswada wake haukuwamo hata kwenye orodha ya wanaowania. Avatar ya mwaka 2009 iliwania tisa, muswada haukuwamo pia, na tatu ilizoshinda zilikuwa za upigaji picha, usanifu na efekti. Hizo si hukumu za mwisho, lakini angalau zinaonyesha kwamba hata watoa tuzo huwa wanatenganisha mambo.

Asilimia ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya uhakiki, ndiyo inayopotosha zaidi. Si alama ya ubora. Ni hesabu ya wahakiki wangapi waliandika uhakiki chanya. Filamu ambayo kila mhakiki ameiona ya wastani wa kupita tu inaweza kupata hata asilimia 100, na filamu ambayo nusu ya watu wameiabudu na nusu wameichukia ikapata 50. Kwa mtu kama mimi, hiyo ya pili ndiyo ninayokwenda kuitazama kwanza. Alama za CinemaScore hukusanywa kwa watazamaji wa siku ya kwanza, yaani watu waliokuwa wameshaipenda filamu kabla ya kuiona. Zinapima kama ahadi ya trela ilitimizwa.

Hatua ya 9: Pima uzito, usigawe wastani

Usitoe alama tano za madoido na tano za hadithi ukajumlisha. Filamu si mtihani wa karatasi mbili. Filamu yenye madoido 9 na wahusika 3 haiwi 6. Inaweza kuwa jambo la kusisimua kabisa, au uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Inategemea ahadi.

Badala yake tenganisha makosa yanayokera na makosa yanayojeruhi. Efekti hafifu katika shoti tatu inakera. Mhusika anayefanya uamuzi mkuu wa filamu bila sababu yoyote anajeruhi, kwa sababu kila mlipuko unaofuata unasimama juu ya uamuzi huo. Kinyume chake pia kipo: katika filamu iliyoahidi ulimwengu mpya, ulimwengu ukiwa wa kubandika, hakuna mazungumzo mazuri yatakayoiokoa. Pambano la reli la Black Panther kwangu linakera. Kuna watu wanaosema linajeruhi, maana ndilo kilele, na kilele kikianguka mgogoro mzima umeanguka nacho. Sioni kuwa wamekosea sana.

Hatua ya 10: Andika

Anza na ahadi, sentensi moja. Kisha tukio moja, si kumi, ulieleze kwa undani kiasi kwamba asiyeliona alione: nani alisimama wapi, alichagua nini, kamera ilifanya nini wakati huo. Tukio moja lililochunguzwa lina nguvu kuliko aya nzima ya "uigizaji mzuri, muziki mzuri, efekti nzuri". Baada ya hapo taja kosa kubwa na useme ni la aina gani, linakera au linajeruhi. Hukumu iwe fupi. Mfano wa pale ninapofika mara nyingi: "Iliahidi kunitisha na ikanitisha kwa saa moja, ilipomwonyesha adui wazi ikasahau kwamba dada mdogo alikuwa na siri, na tangu hapo nilitazama fataki."

Weka tarehe, na useme ulitazamia wapi. Baada ya mwezi rudi kwenye zile picha tatu ulizoandika ndani ya nusu saa ya kwanza, uone zipi bado zipo kichwani bila kusoma. Daftari langu lina alama nyingi zilizofutwa na kuandikwa upya pembeni. Nyingi zimeshuka. Zilizopanda ni chache, na karibu zote ni za filamu ambazo usiku ule niliandika hazina hadithi.